Mipira ya chini juu ya kokoto za volkano: namna ya kumfundisha kipa chipukizi wa Goma

Shuti likiingia kwenye pembe ya juu, hakuna anayemlaumu kipa mtoto. Lawama huja na ule mpira mlaini unaojikokota chini, unagonga kijiwe hatua moja mbele ya mikono, unageuka na kuingia wavuni taratibu huku watu wote wakiutazama. Kipa anainuka na kusema, «Kocha, mupira imenidanganya.» Mara nyingi anasema kweli. Lakini ukimuuliza miguu yake ilikuwa wapi, atanyamaza.

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, imejengwa juu ya lava ya volkano. Ile ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya Mei 2021 ilifika kwenye ukingo wa kaskazini. Viwanja vingi vya mitaa ni mwamba uliosawazishwa, ukamwagiwa kokoto na udongo mwembamba. Mafunzo ya makipa yaliyotungwa kwa ajili ya nyasi yanamwangusha kocha wa hapa kwa mambo mawili: yanachukulia kwamba mpira utafika ulikoelekezwa, na kwamba goti linaweza kugusa chini bila damu. Kwa hiyo mpangilio wa mafunzo hubadilika. Miguu inakuja kwanza, kisha mwili, kisha mikono. Kujirusha ni mwisho kabisa, hata kama ndicho kitu watoto wanachokitaka siku ya kwanza.

Mwongozo huu ni kwa watoto wa miaka 8 hadi 14 hivi. Wakubwa zaidi wanapita hatua zilezile, ila haraka.

Kabla ya mpira, tengeneza sehemu ya golini

Goli la watoto la mita 5 kwa 2 linahitaji kipande kisafi cha mita 6 kwa upana na mita 3 kwenda mbele. Pitisha reki ya meno ya chuma, uokote kila jiwe kubwa kuliko kucha ya kidole gumba. Jiwe lililozama nusu ndilo baya kuliko yote. Ling'oe kwa nondo, maana reki inaliruka na mpira haulikosi. Kisha chekecha mchanga mweusi na umwage tabaka la sentimita 5. Kwa kipande hicho unahitaji kama madumu 45 ya lita 20. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, ikibeba 10 kwa safari, ni safari tano, na wachezaji wenyewe wanasukuma.

Mvua inashusha mchanga na kuacha kokoto juu, kana kwamba zimeota usiku. Ndiyo maana reki inapita kila siku ya mazoezi, dakika 10, na kazi hiyo apewe kipa mwenyewe. Anayeokota mawe anaanza kuijua ardhi yake.

Goli la chuma lisilochimbiwa lifungwe au lizuiwe nyuma kwa magunia mazito ya mchanga. Goli linaloanguka linaua, na watoto hawaachi kuning'inia kwenye mwamba wake wa juu.

Vifaa vya bei ya mtaani

Suruali ndefu ni lazima. Chukua soksi kuukuu, ukate sehemu ya vidole, uivute mpaka kwenye kiwiko na uingize ndani kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa sentimita 2. Fanya hivyo kwa viwiko na magoti yote.

Kwa ajili ya kuangukia, tafuta magunia mawili ya makala (makaa), yakung'ute vizuri, uyajaze maranda kutoka kwa mafundi mbao na kushona mdomo kwa kamba. Likilazwa chini, gunia liwe na unene wa sentimita 15 hadi 20. Usilishindilie. Gunia lililoshindiliwa linakuwa gogo, na mtoto akiangukia gogo mara mbili hatarudi mara ya tatu. Lianikwe baada ya kila mvua, kwa sababu maranda yaliyolowa yanaoza.

Glavu si za haraka. Mwezi wa kwanza mtoto adake kwa mikono mitupu ili viganja vyake vijifunze kuulainisha mpira. Baadaye, kama glavu za kipa hazipatikani, zile za wajenzi zenye mpira upande wa kiganja zinafaa mazoezini, mradi zibane vizuri. Glavu kubwa kupita mkono ni hatari kuliko kukosa glavu, kwa kuwa kidole kinajikunja ndani yake bila mtu kuona.

Mpira: saizi 4 kwa watoto wa chini ya miaka 13, mzunguko wa sentimita 63.5 hadi 66. Sheria inaruhusu upepo wa atmosfia 0.6 hadi 1.1, na kwa kokoto bakia karibu na 0.6. Kama huna kipimo, bonyeza kwa vidole gumba viwili. Ukizama kama sentimita moja, unatosha. Mpira uliojazwa hadi ukalia kama ngoma unaruka ovyo juu ya lava na kuumiza vidole. Tengeneza pia mipira miwili ya matambara iliyofungwa kwa kamba. Utaona kazi yake mbele.

Hatua ya 1: kusimama

Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee, uzito uwe kwenye sehemu ya mbele ya nyayo. Karatasi ipite chini ya visigino. Mikono iwe mbele ya mwili, kati ya goti na kiuno, viganja vikiutazama mpira. Mtoto aliyeshika magoti yake kama anayepumzika amechelewa kabla mpira haujapigwa.

Mpigaji anaporudisha mguu nyuma, kipa anafanya mruko mdogo sana, kama sentimita 2, na kutua kwa miguu yote miwili wakati mpira unaguswa. Akiwa bado hewani wakati wa shuti, hawezi kwenda kokote. Jaribio ni rahisi: simama mita 6 mbele yake, piga shuti la uongo bila mpira, useme «simama». Kila mtu aone miguu ilivyotua. Rudia mara 10.

Hatua ya 2: kuufuata mpira kwa miguu

Kwa mpira ulio ndani ya hatua mbili, kipa anateleza kando kwa hatua fupi bila kukutanisha visigino na bila kupishanisha miguu. Lengo ni kitovu kiwe kwenye njia ya mpira. Weka chupa tatu kwenye mstari, kila moja mita 1.5 kutoka kwa nyingine, yeye akiwa katikati. Kocha anaonyesha upande kwa mkono, kipa anaenda, anasimama nyuma ya chupa na kugusa ardhi mbele yake kwa mikono miwili. Hakuna mpira bado. Sekunde 20 za kazi, 40 za kupumzika, mara sita.

Watoto watalalamika kwamba hili si zoezi la kipa. Usiwasikilize. Kwenye nyasi, mikono yenye ustadi inaweza kuokoa miguu mivivu. Kwenye kokoto, mpira ukibadili njia kwa sentimita 20 na mwili hauko nyuma ya mikono, hakuna ukuta wa pili.

Hatua ya 3: kuzoa mpira

Kuna namna mbili, na zote zifundishwe.

Ya kwanza ni ya mpira unaokuja moja kwa moja na polepole. Miguu inakaribiana mpaka pengo liwe dogo kuliko mpira, magoti yanakunjwa kidogo, kiuno kinainama. Vidole vinaelekea chini, vidole vya mwisho vya mikono miwili vinakaribiana, viganja vinautazama mpira, viwiko viko karibu. Mikono inatengeneza mteremko: mpira unapanda kutoka viganjani, unapita mikononi na kuishia kifuani, na mikono inaufunga. Usiupige kofi wala kuubana kwa vidole. Uache upande wenyewe.

Ya pili ni ya mpira wenye nguvu au unaokuja kidogo pembeni. Mpira ukija kuliani, mguu wa kulia unatoka kando na kukunjwa huku unyayo ukielekea nje, na goti la kushoto linageuzwa ndani na kushushwa karibu na kisigino cha kulia. Ukija kushoto, geuza yote. Miguu inakuwa mlango uliofungwa: hata mikono ikikosea, mpira unagonga ugoko au paja. Kwenye nyasi goti linatua chini. Hapa libaki hewani, sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi. Ni kazi kwa paja, na mtoto wa miaka 8 hatadumu nayo zaidi ya sekunde mbili, lakini hizo zinatosha. Kwenye kipande cha mchanga, akiwa na sponji, anaruhusiwa kuligusisha.

Anza kwa kubingirisha mpira kwa mkono kutoka mita 4. Mipira 10 katikati, 10 kulia, 10 kushoto, na dakika moja ya kupumzika kati ya seti. Akizoa 8 kati ya 10, nenda mita 6, kisha piga kwa upande wa ndani wa mguu kutoka mita 8. Asipofika 8, usiongeze nguvu ya mpira ili «azoee». Atakachozoea ni kukosea.

Hatua ya 4: kusoma mdundo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo makocha wengi wanapopita mbio.

Mpira unaodunda una mahali pawili pazuri pa kudakwa. Pa kwanza ni pale unapoinuka tu kutoka ardhini, mikono ikiwa karibu kabisa na mahali ulipogusa, kabla haujapata nafasi ya kwenda kombo. Pa pili ni unapokuwa umepoteza nguvu na kuanza kushuka. Kati ya hapo pana mahali pabaya: mpira umegusa ardhi hatua moja hivi mbele ya kipa na bado unapanda kati ya goti na kifua. Huko mikono haijui kama vidole vielekee chini au juu, na ndiko mipira mingi inakotemwa. Kipa haupangii mpira udunde wapi, ila anaweza kuisogeza miguu yake hatua moja mbele au moja nyuma, na hatua hiyo inamwondoa pale pabaya.

Kwa Goma, akisitasita kati ya mbele na nyuma, aende mbele. Kila mdundo anaousubiri ni kijiwe kingine ambacho mpira unaweza kukigonga. Isipokuwa shuti ni kali na limepigwa chini ya mita 8: hapo hakuna muda wa kuchagua, abaki palepale, ashushe mwili na kuwa ukuta.

Zoezi lake tuliite mstari wa mawe. Panga mawe manne bapa, yenye unene wa vidole viwili, kwenye mstari, mita 2 mbele ya kipa, yakiachana kwa sentimita 30. Kocha anabingirisha mpira kutoka mita 6 kuelekea mstari huo. Mipira mingine itapita katikati, mingine itagonga na kuruka kombo, na kocha mwenyewe hajui upi utafanya nini. Siku mbili za kwanza tumia mpira wa matambara tu. Usihesabu mipira iliyodakwa. Hesabu mipira ambayo haikupita mwili wake. Uliogonga kifua, paja au ugoko na kuanguka mbele, kisha akaurukia, ni alama kamili. Seti tatu za mipira 10 zinatosha, kwa sababu baada ya hapo macho yanachoka na mtoto anaanza kubahatisha.

Mtoto akifumba macho au kugeuza uso pembeni, rudi kwenye matambara bila maneno mengi. Kuogopa mpira unaoruka kwenye mawe ni akili timamu. Ukimcheka, atajifunza kuficha woga, na macho yataendelea kufumba.

Majira nayo yana sauti. Kuanzia Juni hadi Agosti ardhi ni kavu, kokoto zimelegea, na mpira unapunguza kasi kisha unaruka kando. Mvua zikirudi Septemba, pale penye udongo mpira unateleza: unagusa chini na kutoka chini zaidi na kwa kasi zaidi ya ulivyoingia. Siku za hivyo, mikono ishuke mapema kuliko kawaida, na mpira uliolowa usidakwe mbali na mwili.

Hatua ya 5: kuanguka kando

Watoto wengi wa Kongo wamewahi kuona picha za kipa Kidiaba akiwa na klabu ya TP Mazembe mwaka 2010, akisherehekea kwa kurukaruka juu ya makalio. Wataiga. Waigie kwenye gunia la maranda, kwa sababu juu ya lava sherehe hiyo inagharimu suruali.

Kuanguka kunafundishwa kutoka chini kwenda juu: kwanza mtoto ameketi juu ya gunia, kisha amepiga magoti, kisha amechuchumaa, mwishowe amesimama. Kila ngazi ichukue siku yake. Mikono inautangulia mwili kwenda kwenye mpira. Mguu ulio upande wa mpira unakunjika na kuondoka, mwili unatua kwa mpangilio: upande wa nje wa paja, nyonga, ubavu, bega. Kiganja kimoja kiko nyuma ya mpira, kingine juu yake, na ardhi inaubana kutoka chini.

Makosa ni mawili. Mtoto anaruka juu kwanza ndipo aanguke, na mpira unapita chini ya mbavu zake. Dawa yake ni kamba iliyofungwa kati ya vijiti viwili kwa kimo cha kiuno: aanguke akipita chini yake. Kosa la pili ni kutua kwa kiwiko. Kiwiko kikiingia chini ya mbavu, pumzi inakatika na mpira unatoka. Mwambie anyooshe mikono yote miwili kabla ya kugusa chini, kiwiko hakitapata pa kujikunjia.

Mara sita kila upande kwa siku, ukianza na upande ulio dhaifu. Nje ya gunia au mchanga, asijirushe mazoezini. Kwenye mechi ataamua mwenyewe.

Hatua ya 6: mpira usiodakika

Mwingine haudakiki, upanguliwe. Mahali pa kuupeleka ni nje ya mlingoti, kamwe si mbele, ambako straika anasubiri mabaki. Kifundo cha mkono kikaze, mpira ugonge sehemu ngumu ya chini ya kiganja, mkono ukisindikiza kuelekea kando. Weka mawe mawili mita 2 nje ya kila mlingoti, na kila mpira uliopanguliwa upite kati ya jiwe na mlingoti.

Makosa yanayorudi, na sababu zake

Tobo: miguu ilikuwa wazi wakati wa kuzoa. Si mikono iliyochelewa, ni kisigino kilichosahau kufuata.

Mpira unagonga kifua na kurudi uwanjani: ameinuka kabla mikono haijaufunga, mara nyingi kwa sababu ametazama adui. Mfanye ataje kwa sauti rangi au alama iliyo kwenye mpira wakati unaingia mikononi.

Kidole kilichoteguka: vidole vilielekea mbele, kama vinavyochoma, badala ya kuelekea chini. Maji baridi, kidole kifungwe pamoja na jirani yake, na kikivimba sana au kupinda apelekwe kwenye kituo cha afya. Kisivutwe na mtu yeyote uwanjani.

Kukaa kwenye visigino: mpira umemfuata naye amerudi nyuma. Rudi hatua ya 1.

Mabeki nao wana sehemu yao. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kushika kwa mkono mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu makusudi, na kuusimamisha kwa mguu juu ya kokoto ni bahati nasibu. Wafundishe kurudisha mpira kando ya goli, nje ya mlingoti. Ukiruka juu ya mguu wa kipa, inakuwa kona tu.

Akishaudaka, asikae nao. Sheria iliyoanza Julai 2025 inampa sekunde 8, na akizidisha, wapinzani wanapata kona. Mwamuzi anahesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Ulizeni kabla ya mechi kama mashindano yenu ya watoto yanaitumia.

Michubuko

Itatokea. Ioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, mpaka vumbi jeusi liishe kabisa, kwa sababu lililobaki linaleta usaha au linaacha doa chini ya ngozi. Chembe ndogo zitolewe kwa kitambaa safi kilicholowa. Kidonda kirefu kiende kwa muuguzi, na mzazi aulizwe kama mtoto amepata chanjo ya pepopunda. Uliza siku anapojiandikisha, usisubiri damu.

Siku ya mechi

Uwanja wa ugenini hukuuchekecha wewe. Kipa afike dakika 30 mapema, atembee kwenye eneo lake na kuokota anachoweza. Kisha mwenzake abingirishe mipira kutoka mita 11: mitatu katikati, mitatu kila upande. Aone upande gani mpira unapunguza kasi, wapi unaruka, wapi pana mwamba unaochomoza usioweza kung'olewa, na asimame hatua nusu mbele ya hapo kila shuti linapokuja. Wakibadilishana goli kipindi cha pili, aanze upya upande huo mwingine, aokote anachoweza kabla ya filimbi.